Kumnunua kinda kwa dau kubwa: hatari hasa iko wapi?

MpendaKabumbu ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Kila dirisha la usajili likifunguliwa tunasikia kinda wa miaka 18 au 19 kanunuliwa kwa dau ambalo zamani lilikuwa la mchezaji aliyekwisha kutwaa makombe. Inapita miaka miwili, mitatu, kijana yuko kwa mkopo kwingine, klabu iliyomnunua bado inachangia mshahara, na hakuna anayefika hata nusu ya bei ya awali. João Félix alitoka Benfica kwenda Atlético Madrid mwaka 2019 kwa euro milioni 126, akiwa na miaka 19. Tangu hapo amepita Chelsea kwa mkopo, Barcelona kwa mkopo, Chelsea tena kwa kununuliwa, Milan kwa mkopo, halafu Al Nassr. Renato Sanches alinunuliwa na Bayern mwaka 2016 kwa euro milioni 35 na nyongeza juu yake (pesa za kulipwa baadaye masharti yakitimia), akang'ara Euro ya mwaka huohuo, na msimu wa pili tayari alikuwa Swansea kwa mkopo.

Jibu la "hana kipaji" halinitoshi, maana hawa wote vipaji wanavyo. Ninachotaka kuelewa ni hatari yenyewe inakaa wapi: kwenye ada, kwenye mshahara, kwenye mwili wa kijana, au kwenye macho ya waliotumwa kumtazama? Na mwenye kusaini karatasi anatakiwa aangalie nini kabla kalamu haijashuka? Naomba namba na hatua, tusiishie kwenye ushabiki.

---

HesabuZaKlabu amejibu:

Mkuu, ada ndiyo inayopiga kelele, lakini kinachoikaba klabu koo ni mshahara pamoja na urefu wa mkataba. Tuweke mfano.

Kinda wa euro milioni 60, mkataba miaka 5, mshahara milioni 6 kwa mwaka. Vitabuni zile milioni 60 haziandikwi siku moja. Zinagawanywa kwa miaka ya mkataba, yaani milioni 12 kila mwaka. Ongeza mshahara: klabu inabeba milioni 18 kwa mwaka, na hapo fungu la wakala na bonasi ya kusaini hatujagusa. Kwa miaka 5 ni milioni 90. Kwa hiyo ukisikia "kinda wa milioni 60", jua mezani kuna kinda wa milioni 90.

Sasa misimu miwili imepita na mambo hayajaenda. Vitabuni bado anasoma milioni 36. Inakuja ofa ya milioni 25. Ukiuza unaandika hasara ya milioni 11 siku hiyohiyo, na mwenyekiti hataki kuiona kwenye ripoti ya mwaka. Hapo ndipo mkopo unapozaliwa. Anapelekwa kwingine mwaka mmoja, klabu inalipa nusu ya mshahara, vitabu vinashuka hadi milioni 24, na watu wanajiambia kwamba mwakani wakimuuza kwa 24 hakuna hasara. Wanachosahau ni kwamba mwakani mkataba utakuwa umebaki miaka 2, na mnunuzi anajua kuhesabu. Ile ofa ya 25 inarudi ikiwa 12 au 15.

Ukitazama kwa pesa taslimu na kuacha vitabu, picha inabadilika kabisa. Milioni 60 zimekwisha kuahidiwa, hazirudi. Ofa ya 25 ingeingiza 25 na kukuondolea mshahara wa miaka 3 iliyobaki, ambao ni milioni 18. Jumla ni tofauti ya milioni 43 kati ya kuuza leo na kumweka kijana anayesugua benchi. Klabu nyingi huumia zaidi kwa kuogopa hasara ya karatasi kuliko kwa kosa la awali la kununua.

Kuna kizuizi kingine kinachofichwa na ada. Klabu zinazomtaka kwa milioni 25 kwa kawaida zinalipa mshahara wa milioni 2.5, siyo 6. Pengo ni milioni 3.5 kwa mwaka, kwa miaka 3 ni milioni 10.5. Lazima mtu alizibe. Mchezaji hana sababu ya kusamehe pesa iliyoandikwa kwenye mkataba wake, na hapo simlaumu hata kidogo. Ndiyo maana nasema ukikosea ada umepoteza pesa, ila ukikosea mshahara umepoteza pesa na mlango wa kutokea pia.

Kuhusu mikataba mirefu: Januari 2023 Chelsea walimchukua Mykhailo Mudryk kwa euro milioni 70 na nyongeza hadi 30, mkataba wa miaka 8 na nusu. Milioni 70 kwa miaka 8.5 ni kama milioni 8.2 kwa mwaka. Kwa miaka 5 ingekuwa 14. UEFA wakaweka ukomo wa miaka 5 kwenye mgawanyo huo kuanzia Julai 2023, na Ligi Kuu ya Uingereza ikapitisha wa kwake Desemba mwaka huohuo. Mkataba unaweza bado kuandikwa miaka 7 au 8, ila ada inagawanywa kwa 5 tu. Maana yake faida ya kihesabu imeondoka, lakini mshahara wa miaka yote hiyo umebaki palepale.

Na hizo milioni 126 za Félix: 120 ndiyo ilikuwa bei ya kipengele cha kuvunja mkataba. Zile 6 za juu ni gharama ya Atlético kulipa kwa awamu badala ya mkupuo. Awamu zina bei yake.

---

JichoLaSkauti amejibu:

Naongezea upande wa macho, maana hesabu zote hizo zinaanzia kwa mtu aliyekaa jukwaani na daftari.

Kosa la kwanza ni kununua msimu mmoja. Félix alifunga mabao 15 ya ligi akiwa Benfica 2018-19, na huo ndio ulikuwa msimu wake wa kwanza kikosi cha wakubwa. Msimu mzima wa mechi 38 ni dakika 3,420, na kinda wengi wanaouzwa kwa bei za kutisha hawajafikisha hata hizo. Kwa dakika 1,500 hadi 2,000 mshambuliaji anaweza kuwa na mkono wa bahati kwenye umaliziaji na usijue. Chukua mabao yake, toa penalti, kisha linganisha na ubora wa nafasi alizopata, yale wanayoita mabao yanayotarajiwa. Kijana mwenye mabao 14 kutoka nafasi zenye thamani ya mabao 8 anauzwa kwa bei ya 14, na mwakani unapata 8. Bora mwenye mabao 8 kutoka nafasi za thamani ya 12: anafika mahali sahihi, umaliziaji unafundishika.

Kosa la pili ni kutotenganisha kijana na timu yake. Benfica wiki nyingi wanakaa na mpira kwenye nusu ya mpinzani. Ukimhamishia Atlético kwa kocha Simeone, ambako mshambuliaji naye anashuka kukaba na mashambulizi yanaanzia mbali, umemwondolea zile sekunde zilizomfanya aonekane. Hakusahau mpira. Ameombwa kazi nyingine. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabla ya kutuma skauti ni kuandika kazi yenyewe: atapokea mpira wapi, akiwa ametazama upande gani, na mpira ukipotea anakimbilia wapi. Ukiona kwenye video za mwaka mzima kazi hiyo ameifanya mara chache tu, unalipia kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Wengine wanadhani kumnunua pamoja na kocha anayemjua kunatosha. Antony alimfuata Erik ten Hag kutoka Ajax kwenda Manchester United mwaka 2022 kwa euro milioni 95 na nyongeza ya 5. Kocha yuleyule, upande uleule wa kulia, chenga ileile ya kuingia ndani kwa mguu wa kushoto. Tofauti ni kwamba mabeki wa Uingereza walifika karibu yake mapema zaidi na wakamwachia njia ya nje, kwa mguu asioutumia. Mwaka 2025 akauzwa Real Betis kwa euro milioni 22 na nyongeza kidogo.

Mimi kwenye mechi namtazama kinda pale mpira *haujamfikia*. Kiungo mzuri, pasi ikiwa bado njiani, anageuza shingo mara mbili, bega la kushoto na la kulia, na mguu wa mbele tayari umefunguka kuelekea anakotaka kwenda. Mguso wa kwanza unamtoa kwenye presha. Asiyegeuza shingo anapokea, anasimama, ndipo anatafuta. Kwenye ligi yenye nafasi utaona kasi yake inamwokoa na utaandika "hatari sana". Akipanda ngazi, ile nusu sekunde ya kusimama ndiyo anayonyang'anywa mpira.

Jambo la mwisho, ukomavu wa mwili. Kwenye timu za vijana waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa kuchaguliwa huwa wengi kuliko wenzao, kwa sababu mwaka mmoja wa kukua ni mkubwa sana umri huo. Kijana aliyepevuka mapema anashinda kwa kifua na mapaja, na wenzake wakimfikia akiwa na miaka 20 hana kingine cha kutegemea. Uliza kila mara: anawapita watu kwa nini? Akiwapita kwa nguvu na mbio peke yake, punguza bei.

---

MkonoWaTiba amejibu:

Upande wa mwili watu huuongelea kama bahati nasibu. Sehemu kubwa inaonekana mapema ukiwa na faili kamili.

Msuli wa nyuma ya paja ndio unaowamaliza mawinga vijana. Kiashiria kikubwa cha kuumia msuli huo ni kuwa umewahi kuumia msuli huohuo. Kwa hiyo ukipewa faili lenye "uchovu wa paja, siku 10" mara tatu ndani ya miezi 18, usisome siku, soma zile mara tatu. Tena kumbuka kwamba mfupa wa makalio, ambako msuli huo unashikilia, unachelewa kuungana kikamilifu hadi miaka ya ishirini ya mwanzo. Kijana wa miaka 18 anakimbia kwa kasi ya mtu mzima akiwa na mshikizo ambao haujakomaa.

Vipimo vya siku ya kusaini huwa vifupi mno. Ninavyoona, visipungue siku 2, na viwe na haya: picha za MRI za magoti yote mawili, nyonga na mapaja, siyo sehemu anayolalamikia tu. Kipimo cha nguvu za paja mbele na nyuma, kulia na kushoto. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kati ya miguu miwili inahitaji maelezo. Moyo, kwa mashine ya umeme wa moyo na ile ya mawimbi ya sauti. Na hati inayosahaulika kuliko zote: kumbukumbu za mzigo wa mazoezi kwa miezi 12, ni mita ngapi za mbio kali alizokimbia kila wiki. Klabu inayouza ikigoma kuitoa, andika hilo kwenye ripoti yako kwa herufi kubwa.

Kwa nini hiyo hati ni muhimu? Ousmane Dembélé Agosti 2017 alisimamishwa Dortmund baada ya kukosa mazoezi. Akaenda Barcelona kwa euro milioni 105 na nyongeza zilizoweza kufika 40. Tarehe 16 Septemba, kwenye mechi na Getafe, akapiga mpira kwa kisigino na kano ya nyuma ya paja la kushoto ikakatika. Upasuaji, miezi nje, na majeraha mengine ya misuli yakafuatana misimu iliyofuata. Mfuatano wa kusimama, kuhama, kisha mechi za kasi ni wa kuogopwa kwa mchezaji yeyote wa mbio. Anahitaji wiki 4 hadi 6 za kuinua mita za kasi taratibu, na dau kubwa ndilo linalowanyima wiki hizo, kwa kuwa kila mtu anataka kumwona Jumamosi.

Upande wa pili ni kumchezesha kupita kiasi. Pedri alinunuliwa Las Palmas kwa bei ndogo tu, euro milioni 5 na nyongeza. Akiwa na miaka 18 alicheza mechi 73 msimu wa 2020-21 ukijumlisha klabu na timu za taifa, Euro na Olimpiki zikiwemo. Msimu uliofuata paja likamweka nje mara kwa mara. Kinda akiwa mzuri kweli, timu ya taifa ya wakubwa, ya vijana na klabu wote wanamvuta shati. Weka ukomo wa dakika na uuheshimu hata timu inapofungwa.

---

MpendaKabumbu:

Asanteni sana wakuu, hapa nimejifunza. Swali la nyongeza: kuna wanaosema dawa ni kuwachukua mapema kabla bei haijapanda, akiwa na miaka 16 au 17. Kanuni zinasemaje? Na ni vipengele gani vya mkataba vinavyopunguza hatari kwa mnunuzi?

---

MkatabaMezani amejibu:

Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18. Milango iliyoachwa ni michache, na mikuu ni hii: wazazi wamehama kwa sababu zisizohusu mpira, anaishi karibu na mpaka, au ana miaka 16 hadi 18 na anahama ndani ya Umoja wa Ulaya au eneo lake la kiuchumi. Klabu za Uingereza zimefungiwa huo mlango wa mwisho tangu mwanzo wa 2021. Ndiyo maana Real Madrid walikubaliana na Palmeiras ya Brazil kuhusu Endrick Desemba 2022, lakini kijana akahamia Julai 2024 alipotimiza 18. Ukifanya hivyo umebeba hatari ya miezi 19 ambayo huna mamlaka ya mazoezi wala lishe yake, kwa hiyo lazima makubaliano yaseme akivunjika mguu katikati nani anabeba nini. Aliye chini ya 18 pia hawezi kufungwa kwa zaidi ya miaka 3 kwa kanuni za FIFA, na umiliki wa mchezaji kwa watu wa pembeni ulipigwa marufuku Mei 2015. Hakikisha hakuna karatasi ya zamani ya namna hiyo.

Sasa vipengele.

Asilimia ya mauzo ya baadaye ndiyo watu wanaingia nayo mkenge. Klabu inayouza inaomba 20%. Ya nini? Ya bei yote au ya faida? Umenunua kwa milioni 60, umeuza kwa 70. Ikiwa ni 20% ya faida unatoa milioni 2 na unabaki na 68. Ikiwa ni 20% ya bei yote unatoa milioni 14 na unabaki na 56, yaani umepata hasara kwa kuuza juu ya bei uliyonunulia. Neno moja kwenye sentensi lina thamani ya milioni 12.

Kuna pia mchango wa mshikamano: hadi 5% ya ada inakwenda kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, kwa 0.25% kila msimu wa miaka 12 hadi 15 na 0.5% kila msimu wa 16 hadi 23. Kawaida inakatwa ndani ya ada. Muuzaji akiandika kwamba bei ni "safi", mnunuzi anaibeba juu ya bei. Kwa milioni 60 hiyo inaweza kufika milioni 3 kwa mchezaji aliyepita miaka 23; kwa kinda ni pungufu, kwa kuwa misimu yote hiyo hajaifikisha.

Nyongeza ndizo silaha ya mnunuzi. Shusha ada ya mwanzo, pandisha nyongeza, na uzifunge kwenye mechi alizoanza, siyo alizoingia dakika ya 88. Ila zigawe kwa ngazi ndogondogo: mechi 20, 40, 60, milioni 2 kila ngazi. Ukiweka ngazi moja ya mechi 50 yenye milioni 10, akifika mechi ya 48 mkurugenzi atampigia kocha simu amweke benchi, na kijana ataumia kwa kosa la mwandishi wa mkataba. Mshahara nao uufuate mtindo huo: anza chini, panda kwa dakika alizocheza. Hapo ndipo tatizo alilolieleza HesabuZaKlabu linatibiwa tangu mwanzo.

Mkopo panga mapema, usiufanye kimbilio. Tangu Julai 2024 FIFA inaruhusu klabu kutoa wachezaji 6 tu kwa mikopo ya kimataifa na kupokea 6. Wenye miaka 21 kushuka na waliolelewa na klabu yenyewe hawahesabiwi. Kinda uliyemnunua akiwa na 19, akifika 22 bila namba, anaanza kula nafasi kwenye hiyo sita.

---

NusuYaPili amejibu:

Nawaheshimu wote hapo juu, ila naona mnahukumu mapema mno kama wenye klabu wenyewe. Vinícius Júnior alikubaliwa kwa euro milioni 45 akiwa bado Flamengo, akahamia Madrid mwaka 2018. Mabao yake ya ligi kwa misimu mitatu ya kwanza: 2, 3, 3. Msimu wa nne: 17, na bao la ushindi kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Liverpool. Kwa hesabu ya "uza mwaka wa pili" mngekuwa mmemtoa kwa milioni 25. Na Dembélé huyohuyo wa majeraha PSG walimchukua mwaka 2023 kwa euro milioni 50, na 2025 akatwaa Ballon d'Or. Barcelona walilipia miaka ya hospitali, wengine wakavuna.

---

HesabuZaKlabu amejibu:

Mkuu NusuYaPili, hoja yako ni nzito na naikubali nusu. Tazama lakini Vinícius alivyokuwa kwenye hiyo misimu ya 2, 3, 3. Alikuwa anacheza. Anapokea, anampita beki, anafika kwenye boksi, anakosea mguso wa mwisho. Ni kama alivyosema JichoLaSkauti, nafasi zilikuwepo, umaliziaji ndio ulikosekana. Huyo unamvumilia. Wa kuuza mwaka wa pili ni yule ambaye hata nafasi hazipati, au ambaye kocha hana kazi ya kumpa.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, kocha, skauti, daktari na mhasibu wakae chumba kimoja na waandike ukurasa mmoja: dakika anazotakiwa kufikia msimu wa kwanza na wa pili, nani aliye mbele yake kwenye nafasi hiyo na mkataba wake unaisha lini, na ni dalili gani zikionekana mwezi wa 24 atauzwa hata kwa hasara. Wote wanne wasaini. Kocha akibadilishwa, yule mpya anapewa ukurasa huo siku ya kwanza na kuulizwa kama bado ana kazi ya kumpa kijana, kwa sababu makinda wengi wa bei kubwa wanaishia kwa kocha ambaye hakuwahi kuwaomba.